Kitambaa Kilichokunjwa

Nikuulize wewe kwanza, kabla sijaanza: ukionyeshwa picha ya msichana anayekimbia, simba aliyesimama chini ya mti, kijana mwenye upanga kiunoni, na katikati yao kitambaa cheupe kimetandazwa chini kina damu, utasema picha hiyo ni ya nini? Usiharakishe kujibu. Khairiya naye hakuharakisha. Aliiegemeza kwenye mto, akaitazama kwa muda wa kuchemka birika la chai, na alipomaliza kuitazama alikuwa na jibu, tena jibu lisilo na tundu, limeshikana kutoka juu mpaka chini.

Mto wenyewe ulikuwa juu ya kitanda pekee katika chumba chao huko Al Qusais. Kusema chumba ni kukipa heshima. Ilikuwa fleti moja iliyogawanywa kwa plaiwudi, familia nne zikakaa humo, na upande wa pili wa ubao wao aliishi Severin, Mtanzania, mlinzi wa maghala. Ukipiga chafya kwako, Severin anakuombea afya kwake. Ndiyo maana Khairiya na mumewe Taib walijifundisha kunong'ona. Hata waligombana kwa minong'ono, kama watu walio msikitini.

Ilikuwa Januari ya mwaka elfu mbili na tisa, winchi za majengo zimesimama, watu wanarudishwa makwao kwa makundi. Kampuni ya vigae aliyokuwa stoakipa wake ilimwita Taib asubuhi, ikampa barua, ikafuta visa yake. Khairiya alikuwa ndani ya visa ya mumewe, kwa hiyo yake nayo ikafutwa. Siku thelathini, wawe wametoka nchini.

Kutoka ni kurudi Mombasa, Kibokoni, nyumbani kwa Bi Masuda, mamake Taib, kwa kuwa kwingine hawakuwa nako. Mtoto wao Wahid alikuwa huko tayari, anasoma. Lakini Khairiya alikuwa radhi kuzeekea ndani ya plaiwudi kuliko kukaa wiki moja chini ya dari ya Bi Masuda. Sababu alikuwa nayo. Taib aliijua, na tangu waoane hawakuwahi kuitaja hata kwa fumbo.

Tumaini lilikuwa moja tu, nalo lilitokana na kofia. Madam Sulaiti, mwenye karakana ya mapazia pale pale Al Qusais, alikuwa ameiona kofia ya viua, vile vitundu vya kushona kwa mkono, kichwani kwa Taib, akaivua kwa mkono wake mwenyewe, akaigeuza ndani nje kutafuta fundo la uzi. Hakulipata.

"Nani kashona?"

"Mke wangu, Madam."

"Mlete."

*

Siku ya kupewa kazi Khairiya aliketi kwenye ukingo wa kiti, buibui lake kalikusanya magotini lisiguse sakafu ya watu. Kando yake alisimama Edna, msichana wa Moshi anayepiga pasi vitambaa katika karakana ile. Kwa kuwa Edna anajua Kiingereza, alitolewa kwenye pasi kuja kutafsiri. Mbele yao alikuwa Sir Abdullatif, mpambaji aliyepewa kazi ya ukumbi wa chakula katika hoteli mpya kule Al Barsha. Alivaa viatu bila soksi na alikuwa na simu mbili. Alitaka mapazia matatu ya kutarizi, ya kutundika ukutani.

"Anasema hizi ni hadithi za mapenzi za Wagiriki wa zamani sana," Edna akatafsiri. "Halafu miaka elfu na zaidi baadaye, Wazungu wa enzi za wafalme na mapanga wakazisimulia upya, wakazichora vitabuni mwao. Na hao wachoraji, anasema, kila hadithi waliipa kitu chake."

"Kitu gani?"

Abdullatif akagonga picha ya kwanza kwa kucha.

"Huyu dada anawasha taa juu ya mnara, mpenzi wake anaogelea kuifuata. Siku moja upepo ukaizima, kijana akazama. Kwa hiyo ukiona taa na bahari, hata kama hujui kusoma, umeshajua yote mpaka kifo chake. Kitu ndicho kinachosema, anasema."

Khairiya akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mwambie na kwetu hivyo hivyo. Mtu akikuletea kikuba cha asumini, huna haja ya barua. Akikuletea leso, isome ujue umependwa au umetukanwa. Hata tambuu ina lugha yake, inategemea imekunjwa vipi."

Edna aliyatafsiri hayo kwa maneno mawili. "Good, good," akasema Abdullatif, na simu moja ikalia. Alipokuwa anatoka alielekeza kidole nyuma ya picha: yaliyobaki yameandikwa, karatasi moja kwa kila picha, zifuatwe.

Madam alisubiri mlango ufungwe. Kiarabu chake Khairiya alikifahamu nusu, lakini nusu hiyo ilimtosha.

"Wiki tatu. Hoteli ikipokea kazi, mumeo namwandikia visa kwangu, stoakipa na dereva. Isipopokea..." Akakung'uta viganja. "Khalas. Yalla, chukua uzi."

Aliupima uzi kwa macho kabla ya kuutoa. Hariri ya bluu nyingi kwa ajili ya bahari, dhahabu kidogo, na mafundo matatu ya nyekundu.

*

Khairiya alisoma madrasa, na Kiswahili alikisoma vizuri tu, lakini Kiingereza kwake kilikuwa kama alama za kuku mchangani. Taib alikuwa na Kiingereza cha stoo, cha "received" na "damaged", akakitegemea hicho. Jioni, kabla ya magharibi, alikaa kitandani akavaa miwani, akaanza kusoma kama mtu anayesoma wosia.

Karatasi ya kwanza, ya taa, ilikwenda vizuri. Ya pili ilihusu kijana aliyeinama juu ya kisima akaipenda sura yake mwenyewe mpaka akafa njaa, na wale wachoraji wakamtia kioo mkononi.

"Huyu namjua," Taib akanong'ona. "Ni binamu yako Khelef."

Khairiya akajiziba mdomo kwa kanga asicheke. Upande wa pili wa ubao Severin akakohoa, naye alikuwa anacheka.

Karatasi ya tatu Taib aliisoma kwanza kwa midomo tu. Midomo ikaenda, ikasimama, ikarudi nyuma, ikasimama pale pale.

"Yasemaje, Baba Wahid?"

"Kuna ukuta una ufa," akasema Taib. "Nyumba mbili jirani, wazee hawataki watoto waoane, basi watoto wanazungumza kwenye ufa. Wakaagana kukutana chini ya mforosadi. Forosadi zishonwe nyekundu."

"Na simba?"

"Yupo. Mshone."

"Na kitambaa?"

Taib akaikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye mkoba wa pasipoti. "Ushungi wa yule msichana. Mweupe. Basi."

"Na hii nyekundu iliyo juu yake?"

"Wino huo, Khairiya. Fotokopi mbaya."

Alimwita kwa jina lake. Miaka yote alikuwa Mama Wahid, na kabla ya Wahid alikuwa "wewe". Halafu Taib akasimama, akasema anakwenda kununua mkate, na mkate ulikuwepo, upo juu ya friji katika mfuko wake, haujafunguliwa.

Aibu ile ndiyo iliyomthibitishia Khairiya. Kwani mwanamume wa Kibokoni anaona haya ya kitu gani mbele ya mkewe, akatoka nje bila kofia? Aliirudia picha. Kijana na upanga: ndivyo bwana harusi wa kwao anavyotoka, joho na upanga. Simba: si ndiye huyo huyo bwana harusi anavyosifiwa na wanawake nyimboni? Msichana anakimbia, anajificha uso: ni biharusi gani wa heshima asiyejificha? Na chini ya mti wenye matunda, kitambaa cheupe kimetandazwa na doa katikati. Alikijua kitambaa hicho. Kilikuwa kisarawanda, nguo inayotandikwa kitandani siku ya kwanza ya maharusi, na kesho yake somo wa biharusi, yule mwanamke aliyemfunda, hukitoa nje kwa wanawake wanaongojea mlangoni waone na wapige vigelegele. Wanawake tu. Kikishaonekana hukunjwa mara nne, kikatiwa asumini na kuwekwa. Mwanamume asiyekuwa mwenyewe hakioni abadan.

Na hawa wanataka kukitundika kwenye ukumbi wa chakula! Wanaume wakae na uma mkononi, wanatafuna kondoo, mbele yao siri ya mtoto wa mwenzao imeanikwa kama nguo ya kudekia. Labda hao wachoraji wa zamani hawakujua, labda walijua na hawakuwa na adabu. Yeye alikuwa nayo.

*

Wiki tatu kitanda kilikuwa cha mapazia. Fremu ilichukua nafasi yote kutoka ubao mpaka ubao, Taib akalala kwenye mkeka chini yake, miguu imetokea mlangoni. Khairiya alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, taa ya kubana kwenye fremu, sindano namba tisa. Bahari aliishona kwa bluu za aina nne, na ile taa ya mnara aliipa miale kwa uzi mmoja mmoja wa dhahabu, mpaka ukisogea unaona kama inapepea. Kioo cha yule mjipendaji alikizungushia viua vya kofia, tundu thelathini na sita, hakuna lililo kubwa kuliko jingine. Alipokwenda karakana kupigiwa pasi lile la pili, wanawake wengine waliacha cherehani zao wakaja kugusa.

La tatu alilishona mwisho. Ukuta aliupa ufa mwembamba. Simba alimpa manyoya ya dhahabu na uso mpole, na mdomo wake aliufunga, kwa kuwa bwana harusi hatoki na mdomo wazi. Na kitambaa alikishona kama somo anavyokiacha: kimekunjwa mara nne, kimewekwa vizuri juu ya majani, na kikuba cha asumini juu yake. Kwa kitambaa hicho alitumia siku tano. Alikipa vivuli vya nyeupe ambavyo hata yeye hakujua kama anavijua, na alipokuwa akishona macho yalikuwa yakimlowa, akasingizia taa.

Taib alikiona kitambaa kilipokamilika. Alisimama pale, chai mkononi. Khairiya alingoja aseme neno.

"Kizuri," akasema Taib, akanywa chai yake.

Edna ndiye aliyeuliza, siku ya kupiga pasi. "Dada Khairiya, mbona nyekundu yamebaki mafundo mawili mazima? Madam si ataniuliza mimi?"

"Forosadi zimetosha. Mwambie nimebana matumizi."

"Ukimbania uzi atakuongeza kazi," Edna akacheka. "Hawa ukiwaokolea kitu hawasemi ahsante, wanasema kumbe ilikuwa inawezekana."

*

Siku ya kukabidhi ilikuwa ya ishirini na sita katika zile thelathini. Taib alivaa shati lililopigwa pasi likatoa mstari mikononi, akabeba pasipoti zote mbili katika bahasha pamoja na picha ndogo za visa, nyuma nyeupe, nane nane. Alipita mlangoni mwa Severin akaambiwa, "Jirani, leo unarudi dereva wa madam, usitusahau sisi wa miguu," akacheka kwa sauti ambayo Khairiya hakuwa ameisikia tangu Desemba.

Mapazia yalitundikwa kwenye bomba la karakana. Sir Abdullatif akaja na simu zake mbili, akasimama mbele ya la kwanza, akaziweka zote mfukoni.

"Mashallah," akasema. Mbele ya la pili akapiga picha. Akamwambia Madam jambo, Madam akamtazama Khairiya, akatikisa kichwa cha kuridhika. Taib akaanza kuifungua bahasha.

Mbele ya la tatu Abdullatif alisimama akatafuta. Alitafuta kama mtu aliyeangusha ufunguo. Aliinama, akakiangalia kitambaa, akagusa kikuba kwa ncha ya kidole.

"Where is the blood?"

Edna hakutafsiri.

"Damu," akasema kwa Kiarabu, kwa sauti ya kumwambia mtoto. "Damu iko wapi? Simba mbona amefunga mdomo, ana meno mabovu?" Wanawake wawili kwenye cherehani wakacheka kwa sababu Madam alicheka. "Huyu kijana anakuja hapa, anaona nini? Anaona nguo imekunjwa vizuri. Kwa hiyo anajiua! Anajiua kwa sababu mpenzi wake anajua kufua!"

Sasa wakacheka wote. Akaligeukia tunda. "Na forosadi. Forosadi zilikuwa nyeupe, zikawa nyekundu kwa damu ya huyu. Yeye kaniletea matunda yenye damu na kitambaa kisicho na damu. Kaigeuza hadithi ndani nje."

"Madam," Khairiya akasema, na Kiarabu chake chote kikamkimbia kikabaki kidogo, "mimi nafungua. Kesho. Natoa uzi wote, natia damu. Nitakaa hapa hapa."

Abdullatif alishika pembe ya pazia akalivuta kidogo kwenye mwanga. "Ukifumua hapa hariri itabaki matundu. Hoteli inafungua keshokutwa." Akatoa simu. "Tutachapisha picha kwenye turubai. Zote tatu, zifanane. Nusu bei, na wenyewe wameshaniuliza mara mbili kwa nini sichapishi."

Huenda ndivyo ilivyokuwa imepangwa tangu mwanzo, na damu ingekuwepo lingetafutwa jingine. Mwezi ule kila mtu Dubai alikuwa anatafuta mahali pa kupunguza. Lakini Khairiya hakuyajua hayo, wala wewe na mimi hatuna ushahidi.

Madam aliacha kucheka. Alichukua ile bahasha mkononi kwa Taib, akaitazama, akamrudishia bila kuifungua. "Karatasi ilikuwa imeandikwa. Nani alimsomea?"

Khairiya alikuwa anamtazama, na Taib alijua anatazamwa.

"Mimi, Madam. Nilimsomea yote, neno kwa neno. Lakini unajua tena... hakusoma huyu. Unamwambia hili, anashika lile."

"Haram, maskini," Madam akasema, akimwonea huruma yeye, mume wa mwanamke wa namna hiyo. Kisha akamgeukia Khairiya: "Nitakulipa mawili. Hilo la tatu lichukue. Na nyekundu yangu iliyobaki, irudishe. Na sindano."

Khairiya alizitoa sindano kwenye kifuko chake, akaziweka mezani. Moja ilikuwa yake mwenyewe, ya kutoka Mombasa, aliyorithi kwa mamake. Madam aliziweka zote kwenye kopo, na Khairiya hakuwa na nguvu ya kusema ile si yako.

*

Edna alimkuta kwenye beseni la kunawia, maji yanatiririka na mikono haimo.

"Dada, Sir alikuja na nakala yake ya ile karatasi, kaiacha mezani, nimeichukua," akasema. "Nisikufiche. Imeandikwa. Hapa: 'Ushungi uliotiwa damu na mdomo wa simba uonekane wazi, umetandazwa, huo ndio moyo wa hadithi.' Wamepiga na mstari chini yake."

"Soma yote."

Edna alisoma, anatafsiri polepole, kidole kinatembea. Msichana alitangulia kufika mtini. Akatokea simba, mdomo umejaa damu ya ng'ombe aliyemla. Msichana akakimbia, ushungi ukadondoka, simba akauchezea akautia damu, akaenda zake. Kijana akafika, akauona.

"Akadhani kaliwa," Edna akasema. "Akachomoa upanga, akajichoma hapo hapo. Na dada wa watu mzima kabisa, kajificha pangoni pale karibu, anatetemeka tu."

"Hakumtafuta?"

"Haijaandikwa."

"Hata kumwita jina? Kumuuliza yuko wapi?"

Edna akapitisha kidole kwenye mistari tena, juu mpaka chini. "Haijaandikwa, dada. Aliona kitambaa basi, akawa ameshajua."

Khairiya alifunga bomba. Akaichukua karatasi, akaitia kifuani.

*

Walirudi kwa miguu, kandokando ya maghala yaliyofungwa, Taib mbele na Khairiya nyuma na lile pazia la tatu limeviringishwa chini ya kwapa. Taib alizungumza njia nzima. Alizungumza habari za tiketi, kwamba ya Jumatatu ni rahisi, kwamba friji wamuuzie Severin, kwamba Bi Masuda atawapa chumba cha uani, kina joto lakini kina mlango wake. Khairiya alikuwa anasikia neno moja moja: Jumatatu, friji, uani.

Chumbani aliliweka pazia kitandani, akavua buibui akalitundika. Saa tisa za alasiri. Upande wa pili redio ya Severin ilikuwa inasoma habari za mpira.

"Ulimwambia Madam ulinisomea neno kwa neno," akanong'ona.

"Ningesema nini mbele ya watu, Mama Wahid? Ningesema mimi ndiye mjinga?"

"Edna kanisomea." Akaitoa karatasi. "Damu ionekane wazi, ndiyo moyo wa hadithi. Na mstari chini yake. Maneno haya uliyapeleka wapi?"

Taib aliitazama karatasi asiishike. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kufungua vifungo vya mikono ya shati, kimoja, kingine.

"Ningeyatamka vipi?" akasema. "Mimi na wewe, humu ndani, nitamke damu na kitambaa? Ungesema nakusimbulia ya zamani. Nilikuonea imani."

"Imani ya nini?"

"Usinitie kunena."

"Nena, Baba Wahid."

"Mwaka wa ishirini na moja nakusitiri," Taib akasema chini kwa chini, kwa sauti ya mtu anayejihurumia. "Mama yangu mpaka leo anakusifu. Sijakunyooshea kidole hata siku moja. Mwanamume mwingine angekurudisha kwenu asubuhi ile ile."

Basi likawa limetoka. Asubuhi ya harusi yao, wanawake wakingoja nje ya mlango na Bi Masuda mbele yao, kitambaa kilikuwa cheupe kama kilivyotandikwa. Khairiya alikuwa na miaka ishirini na miwili, na hajawahi kushikwa hata mkono na mwanamume. Somo wake alikuja kumwambia baadaye kwamba wako wanawake walioumbwa hivyo, wala si wachache, lakini alimwambia sikioni na hakumwambia mtu mwingine. Taib alikitazama kitambaa, akamtazama mkewe, asiseme kitu. Akachukua wembe wa ndevu, akajikata kidole cha mguu, akakipangusa kwenye kitambaa. Nje wakapiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Bi Masuda alikitia kitambaa sandukuni, na kila Idi wageni wakijaa hukitaja kwa fahari, na Khairiya hutakiwa ainamishe kichwa apokee sifa za kidole cha Taib. Na kila walipokaribia kugombana kweli, Taib hunyamaza kwa ukimya wa mtu aliyesamehe, na yeye hukosa la kusema, kwa kuwa utajitetea vipi kwa shitaka ambalo hukusomewa?

"Unanisitiri na nini?" akauliza, na sasa hakunong'ona.

Taib akaelekeza kidole kwenye ubao. "Mtu anasikia."

"Asikie."

Upande wa pili redio ilipunguzwa, kisha ikazimwa kabisa. Zikasikika sandali za Severin zikienda mlangoni, mlango ukafunguka, ukafungwa taratibu. Alikuwa mtu wa adabu.

"Pazia limekataliwa, visa hakuna, Jumatatu tunaondoka, na wewe unaleta mambo ya kale," Taib akasema. "Haya. Ulitaka nifanye nini siku ile? Nimfungulie mama mlango aone? Nikutoe nje? Sema basi, tangu siku ile hujanena. Ulitaka nini wewe?"

Khairiya alikuwa amesimama kati ya kitanda na ubao, mahali pekee pa kusimama. Alimtazama mumewe usoni, moja kwa moja.

"Nilitaka uniulize," akasema, kwa sauti yake yote. "Wembe ungali mezani, hujaushika bado, nilitaka uniulize, Taib. Nikujibu. Na wewe uniamini."